Programu ibebe maktaba zake yenyewe, au zote zitumie za mfumo?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mtu akiuliza namna ya kusakinisha kitu kwenye Linux, hapati jibu moja. Huyu atamwambia apt (zana ya Debian na Ubuntu ya kusakinisha programu), yule Snap, mwingine Flatpak (njia mbili zinazosakinisha programu kando na mfumo), na hakosekani wa kumpa amri ya curl inayomwagwa moja kwa moja kwenye sudo bash, yaani kushusha script mtandaoni na kuiendesha papo hapo kwa mamlaka yote. Nyuma ya ubishi huo kuna swali ambalo nataka tulijadili wazi: maktaba za programu, zile faili za .so zenye msimbo ambao programu nyingi huuazima, zikae sehemu moja zitumiwe na programu zote kama Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, wanavyotaka, au kila programu ije na zake tumboni?

Mimi nasema zikae pamoja. Wengi wa upande wangu hukimbilia kutaja nafasi ya diski na RAM, hoja ambayo siku hizi imechoka. Ninachouliza ni hiki: tundu la usalama likigundulika ndani ya maktaba, nani ana wajibu wa kuliziba, na litazibwa mara ngapi?

Aprili 2014 lilipotangazwa tundu la Heartbleed kwenye OpenSSL (maktaba ya kusimba mawasiliano), mwenye seva ya Debian alisasisha maktaba moja, libssl1.0.0, akawasha upya huduma zake, na Apache, Nginx na Postfix (huduma za wavuti na barua pepe) zikapona kwa pamoja. (Waliosasisha bila kuwasha upya walibaki na tundu lilelile, maana programu iliyokwisha kuanza huendelea kushikilia nakala ya zamani kwenye RAM. Mpaka leo wapo wanaosahau.)

Sasa njooni Septemba 2023, tundu la libwebp (maktaba ya picha za WebP), CVE-2023-4863 (CVE ni namba ya kusajili matundu ya usalama). Debian 12 walitoa libwebp7 iliyozibwa, kazi ikaisha kwa programu zote zinazoitegemea. Lakini Chrome ilikuwa na nakala yake, Firefox yake, Thunderbird yake, na kila programu iliyojengwa juu ya Electron (kiunzi kinachobeba kivinjari kizima ndani ya programu) ina yake. Mtumiaji akabaki kusubiri kila mwenye programu aamke kwa wakati wake, na wengine hawakuharakisha.

Si jambo jipya. Machi 2002 lilipatikana kosa kwenye zlib, maktaba ya kubana data, ikaonekana kuwa programu chungu nzima zilikuwa zimenakili zlib ndani yake. Kanuni za Debian zinawakataza wafungashaji kutumia nakala za namna hiyo pale maktaba yenyewe inapokuwa tayari kwenye mfumo, na sababu ndiyo hiyo. Karibuni.

Msanidi wa programu, Nairobi

Mkuu, umeongea kama mtu wa seva, na kwa seva sina ugomvi na wewe. Mimi naandika programu za kompyuta ya mezani kwa Qt (maktaba ya kutengenezea madirisha na vitufe). Unaposema "za mfumo", ni mfumo upi? Ubuntu 22.04, 24.04, Debian 12, Debian 13, Fedora mbili tatu: kila mmoja una toleo lake la Qt, la glibc (maktaba ya msingi ya C), la kila kitu. Kwa Windows natoa faili moja. Kwa Linux natakiwa nifungashe mara sita, nijaribu mara sita, na bado mtumiaji atanilaumu mimi.

Mfano wa juzijuzi tu. Maktaba ya sauti iliitwa libasound2 miaka nenda rudi. Kwenye Ubuntu 24.04 ikawa libasound2t64. Sababu naijua na naiheshimu: saa ya biti 32 itafurika tarehe 19 Januari 2038, kwa hiyo mamia ya maktaba yalijengwa upya ili mashine za biti 32, hasa za ARM, zihesabu muda kwa biti 64, na majina yakabadilishwa ili ya zamani na mapya yasichanganyike. Lakini wateja wangu wote wako kwenye amd64 (kompyuta za kawaida za biti 64), ambako hesabu hiyo ilikuwa ya biti 64 tangu mwanzo! Majina yamebadilika hata kwao, na script yangu ya kusakinisha ikaanza kujibiwa kwamba libasound2 ni furushi (package) la jina tu.

Na sisemi peke yangu. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikwenda DebConf (mkutano wa Debian) ya 2014 kule Portland akayasema haya mbele ya Debian wenyewe. Programu yake ya wapiga mbizi, Subsurface, ilikuwa ikitolewa tayari kwa Windows na Mac, ila kwa Linux hawakutoa, kwa sababu ya usumbufu huu huu. Alilalamika pia kuhusu kulazimishwa kutumia maktaba ya pamoja hata pale ambapo maktaba yenyewe bado ni changa na mtumiaji wake ni yeye tu.

Fundi wa maabara ya shule, Mbeya

Mnaongelea Portland, mimi naomba niongelee bando.

Maabara yangu inaingia mtandaoni kwa modemu ya simu. Nimeweka apt-cacher-ng kwenye mashine moja: kompyuta ya kwanza ikishusha furushi, zilizobaki zinalichukua humo humo ndani bila kugusa bando. Maktaba ikisasishwa, nashusha kitu kidogo mara moja, shule nzima imepona. Halafu tangu Ubuntu 22.04 ukiandika apt install firefox, unaletewa Snap. Snap haipiti kwenye kache yangu, kila mashine inashusha ya kwake, tena yenyewe inaangalia masasisho mara nne kwa siku bila kuniuliza. Nimeizuia kwa snap refresh --hold, lakini sasa nimejitwisha kazi ya kukumbuka kuifungua.

Ndiyo maana nikahamia .deb (mafurushi ya aina ya Debian) wanazotoa Mozilla wenyewe kwenye hazina yao. Zinapita kwenye kache vizuri kabisa. Kwa hiyo nipo na mleta mada.

Msimamizi wa seva, Mombasa

Kaka wa Mbeya, pole, lakini ushahidi wako unamsaidia mpinzani wako. Hiyo .deb ya Mozilla imebeba NSS (maktaba ya usimbaji) yake ndani, na libwebp yake pia. Umbo ni la .deb, yaliyomo ni yaleyale ya Nairobi. Ulichokipenda ni njia ya usambazaji inayopitika kwenye kache, jambo zuri, ila si jambo tunalobishania hapa.

Na hata Debian, ambao ndio wenye kanuni, kwa vivinjari walishasalimu amri. Hawachukui Firefox ya zamani wakaitia viraka. Wanaleta toleo jipya la ESR (Firefox ya msaada wa muda mrefu) lote zima katikati ya uhai wa Debian imara (stable), kwa sababu hakuna binadamu anayeweza kuviandika viraka vya kivinjari kwa mkono.

Mleta mada

Dada wa Mombasa, hapo umenibana kwa Firefox. Naikubali kama kighairi: ina kikosi kinachotoa kiraka ndani ya siku chache, na wana fedha za kukilipa. Swali langu la "nani anaziba" lina jibu kwao. Je, ile programu ya kusoma PDF iliyowekwa kwenye tovuti na mtu mmoja mwaka 2019 ikiwa na maktaba kumi na tano ndani, jibu lake ni nani?

Msanidi wa programu, Nairobi

Kwa huyo mtu wa PDF sina utetezi. Lakini ipo njia ya kati ambayo umeiruka. Flatpak haibebi kila kitu: programu inakaa juu ya msingi wa pamoja, tuseme ule wa KDE wenye Qt, na msingi huo una watunzaji wake. Wakiziba tundu humo, programu zote zinazoukalia zimezibwa. Hiyo ni hoja yako mwenyewe, ila imehamishwa kutoka Debian kwenda kwa watu ambao hawabanwi na kalenda ya Debian.

Fundi wa maabara ya shule, Mbeya

Msingi wa KDE ni mamia ya MB kabla hata programu yenyewe haijafika. Na programu mbili zikitaka matoleo mawili ya msingi huo, unashusha yote mawili. Halafu toleo la msingi likifikia mwisho wa uhai wake na mwenye programu hajahamia jipya, Flatpak inakuonya kwa maandishi na maisha yanaendelea. Nimeyaona maonyo hayo. Nimewaona pia wanafunzi wanavyoyaruka.

Mgeni jukwaani

Samahani wakuu, mada ni nzito, ila nina swali dogo. Debian 12 inakataa pip install (amri ya kusakinisha maktaba za Python), inaandika externally-managed-environment. Mtandaoni wananiambia niongeze --break-system-packages. Ni sawa?

Msimamizi wa seva, Mombasa

Mwanangu, jina la chaguo hilo limekwambia litakachofanya. Sakinisha python3-venv, tengeneza mazingira ya mradi wako kwa python3 -m venv, fanyia kazi humo. Kama ni programu tu unataka kutumia, pipx, ambayo huipa kila programu mazingira yake.

Na si kwamba wanakuonea. Zamani ukiandika sudo pip install, maktaba ilikwenda kwenye /usr/local na kuifunika ile ya mfumo yenye jina hilohilo. Zana za Debian zilizoandikwa kwa Python zikaanza kuchukua toleo lako badala ya lao, na apt haijui lolote.

Ni kosa lilelile la wanaojenga maktaba ya C kutoka msimbo chanzo kisha sudo make install. Inatua /usr/local/lib. Kwenye Debian saraka hiyo inatangulia kwenye orodha ya ldconfig (inayoelekeza maktaba zitafutwe wapi), hivyo kuanzia hapo hata programu za mfumo zinaweza kupakia nakala yako. Mwaka ukipita tundu linatangazwa, apt inasema maktaba imezibwa, kumbe inayotumika ni ile uliyojenga na kuisahau. Kabla ya kubishana Snap na Flatpak, pigeni ldd (amri inayoonyesha maktaba ambazo programu inapakia) kwenye programu zenu mtazame njia zinaelekea wapi. Wengine mtashangaa.

Mchangiaji, Arusha

Mbona hakuna anayetaja xz, zana ya kubana data yenye maktaba ya liblzma? Machi 29, 2024, Andres Freund anatangaza kwamba liblzma toleo 5.6.0 na 5.6.1 limewekewa mlango wa siri. Aliligundua kwa sababu kuingia kwa ssh (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) kulichelewa kama nusu sekunde, akataka kujua kwa nini. Nusu sekunde! OpenSSH yenyewe haitumii liblzma hata kidogo. Ilifika pale kwa sababu Debian na wenzao waliongeza kiraka ili sshd (huduma ya ssh ya OpenSSH) iwasiliane na systemd (msimamizi wa huduma za mfumo), libsystemd ikaja, nayo ikaja na liblzma mkononi. Huo ndio uzuri wa kushirikiana maktaba mnaousifia: kuitia sumu moja kunatosha kuingia kila mahali. sshd iliyobeba chake tu isingeguswa.

Mleta mada

Mkuu wa Arusha, hii ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizoletwa, na sitaikwepa. Ni kweli maktaba ya pamoja inasambaza ubaya kwa kasi ileile inayosambaza tiba. Ila tazama sumu ilifika wapi: Debian testing na unstable, matawi ya majaribio. Debian imara haikuguswa, kwa sababu haipokei toleo jipya kila linapotoka. Ule uzito wa Debian ambao wasanidi wanaulalamikia ndio uliowaokoa wenye seva. Msanidi anayebeba maktaba zake na kuchukua jipya kila wiki angekuwa ameshaibeba.

Mchangiaji, Arusha

Imara iliokolewa na Freund. Bila nusu sekunde ile, Debian 13 ingetoka nayo.

Mleta mada

Hapo siwezi kukupinga.

Msanidi wa programu, Nairobi

Na mnasahau lugha za Go na Rust. Hizo hufunga karibu kila maktaba ndani ya programu moja kwa moja, hakuna .so ya kubadilisha. Maelezo ya matoleo ya Debian yenyewe yanaonya kwamba miundombinu yao ina tatizo la kujenga upya mafurushi ya namna hiyo kila maktaba inapozibwa, kwa hiyo huduma ya usalama kwao ina mipaka. Zana mpya nyingi za seva zimeandikwa kwa Go. Unachokitetea kinapungua kila mwaka hata ndani ya nyumba yake.

Msimamizi wa seva, Mombasa

Niseme langu, maana mmenifanya mwamuzi. Ninachokiona kazini hakiko kwenye upande wowote wa mada hii, na ndicho kibaya zaidi. Muuzaji mmoja alituletea mfumo wa kibiashara unaodai libssl.so.1.1. Ubuntu 22.04 ina OpenSSL 3. Mwongozo wake unasema: shusha libssl1.1 kutoka hazina ya Ubuntu 20.04, dpkg -i, endelea. OpenSSL 1.1.1 ilifikia mwisho wa msaada wa bure tarehe 11 Septemba 2023. Maktaba hiyo sasa inakaa kwenye mfumo, programu yoyote inaweza kuipakia, na haina mwenyewe: si ya 22.04, si ya muuzaji. Afadhali angeibeba ndani ya programu yake, ningejua aibu ni ya nani. Nimeutoa mfumo wote nikaufungia kwenye kontena (eneo lililotengwa na mfumo mwingine) ili tundu lake libaki lake.

Kwa hiyo Nairobi, sitakuzuia kubeba. Ila weka orodha ya ulivyobeba na matoleo yake, na useme nani anaangalia matangazo ya CVE kwa ajili yake. Ukishindwa kumtaja mtu, tumia za mfumo.

Msanidi wa programu, Nairobi

Orodha nitaweka. Kumtaja mtu, nitajitaja mimi, sina mwingine. Lakini nina maktaba moja ndogo ya kusoma risiti ambayo programu zangu tatu zinaitumia, na kwa maneno yenu hiyo ndiyo inafaa kuingia Debian. Naanzia wapi?

Msimamizi wa seva, Mombasa

Fungua ripoti ya ITP kwanza, utangaze kwamba unakusudia kuifungasha. Gawa mafurushi mawili: moja lenye .so, jina lake libebe namba ya soname (namba ya toleo la mkataba wa maktaba na programu zinazoitegemea), na la pili -dev lenye vichwa vya C. Weka faili la symbols (orodha ya vitu ambavyo maktaba inazipa programu) ili Debian waone ukivunja mkataba bila kubadili namba. Kisha utahitaji mwanachama wa Debian akudhamini, maana wewe huna ruhusa ya kupakia. Ukimaliza debian/control (faili la maelezo ya furushi) niletee nilipitie kabla hujalipeleka mentors.debian.net, tovuti ya kutafutia wadhamini.

Fundi wa maabara ya shule, Mbeya

Ikiingia mniambie. Hiyo itapita kwenye kache yangu.