Naombeni ushauri: pweza wangu anatoka mgumu, na doriani limenishinda kupasua

Mke_wa_Mmakunduchi
Habarini wana jamvi. Jumamosi anakuja baba mkwe kutoka Unguja, na nimeahidi kumpikia pweza wa nazi kwa mkono wangu. Jana nikajaribu. Nilinunua soko la samaki la Feri pweza wa kilo moja na nusu, nikamchemsha kwa maji mengi, chumvi na ndimu, moto mkali, dakika 20. Akatoka mgumu mpaka taya zikauma, watoto wakaishia wali na mchuzi. Nimekosea wapi? Halafu tumeletewa tunda la doriani, miiba mitupu, sijui nilishike wapi. Nisaidieni jamani, nataka mzee ale ashibe.

Bamvua
Pole dada. Ni maji na haraka. Kwetu pweza akitoka mwambani hupigwa kwanza hadi mikono ilegee. Muulize muuzaji kama kapigwa. Kama bado, mpige mwenyewe kwa mchi. Mgeuze kichwa nje ndani, toa matumbo na kifuko cha wino, toa macho na ule mdomo mgumu ulio katikati ya mikono, kama wa kasuku. Msugue kwa chumvi, msuuze mpaka utelezi uishe. Mbandike mzima bila tone la maji, funika, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe, ya rangi ya zambarau. Akishakaa motoni kama saa nzima, mchome uma pale mkono unapoungana na kichwa. Ukiingia kwa ulaini, ameiva. Chumvi mwisho.

Mama_Chumbageni
Nunua Alhamisi umgandishe kwenye friza, barafu nayo hulainisha. Na yale maji yake usimwage shoga! Ungia mchuzi: kitunguu, thomu, nyanya, bizari, tui jepesi. Tui zito liingie mwishoni, ukoroge taratibu lisikatike.

Doriani lishike kwa taulo nene. Kitakoni utaona mistari inakutana. Ingiza ncha ya kisu hapo, usokote. Likigoma halijaiva, liache. Ukishalipasua usiliweke kwenye friji bila kufunika, maziwa yote yatanuka.

Mke_wa_Mmakunduchi
Mungu awabariki. Doriani limefunguka sasa hivi, nyama laini ya manjano, watoto wamelizunguka. Mchi sina, mwiko wa ugali utafaa kumpigia pweza?

Bamvua
Unafaa, uwe mzito tu. Piga zaidi kwenye mashina ya mikono, ndiko kwenye ugumu.