Ushauri: Kanuni ipi itangulie katika mfumo wa simu za ofisi?

Dawati_la_Wateja: Wanajukwaa, hamjambo. Ninasimamia dawati la wateja katika kampuni ndogo ya Eneo la Viwanda, Nairobi, inayotengeneza majokofu ya chanjo. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, kwa hiyo jokofu likizima usiku, simu ya zahanati lazima imfikie fundi wa zamu bila kuchelewa. Mfumo wetu husoma kanuni kutoka juu kwenda chini na kuifuata ya kwanza inayolingana na simu. Tumeanza na sikukuu, zikafuata saa za kufunga, kisha orodha ya wateja wa dharura. Usiku wateja hao husikia tu kwamba ofisi imefungwa. Isitoshe, tunafungua saa mbili asubuhi, lakini ujumbe huo huendelea hadi saa tano. Naomba mwongozo.

Fundi_Mitambo: Kanuni yako ya tatu haifikiwi kamwe usiku, kwa sababu ile ya saa za kufunga huzinasa simu zote kabla yake. Tanguliza dharura, ifuate sikukuu, kisha saa za kazi. Kanuni pana inayopokea kila simu ikae mwisho kabisa. Kuhusu saa tano, nina hakika seva inatumia saa za UTC, yaani saa za marejeo za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Bila shaka jioni nako simu huendelea kuita ofisini saa tatu baada ya kufunga.

Mama_Seva: Nakubaliana na mpangilio huo, ila kagua pia jinsi nambari zilivyoandikwa. Ikiwa orodha yako ina 07 na mtandao unaleta +2547, hazitalingana hata ukiipandisha kanuni juu. Usizisahau zinazoanza na 01.

Dawati_la_Wateja: Asanteni sana. Ni kweli, jioni simu huita hadi usiku, na orodha yote imeandikwa kwa 07. Lakini je, muuguzi akipiga kwa simu yake binafsi, ambayo nambari yake hatuna?

Mama_Seva: Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, dada, kwani hakuna orodha itakayowatosha wauguzi wote. Omba nambari ya pili ya dharura pekee, uibandike kwenye mlango wa kila jokofu, na kanuni ya juu iangalie nambari iliyopigwa badala ya nambari ya mpigaji. Orodha uliyo nayo ibaki chini yake kwa wale watakaopiga nambari ya zamani.

Fundi_Mitambo: Naongezea jambo moja ambalo wengi hulipuuza: simu ya fundi ikiwa imezimwa na sanduku la sauti la mtandao likapokea, mfumo utahesabu kwamba simu imepokelewa na hautamtafuta fundi wa pili. Mtake fundi abonyeze 1 kuikubali. Asipofanya hivyo ndani ya sekunde 20, simu ihamie kwa mwenzake. Kisha ijaribuni usiku kwa simu ya mkononi isiyo kwenye orodha, huku simu ya fundi wa kwanza ikiwa imezimwa.