Filamu za papa zinajaza banda, na ziwani hakuna papa. Kwa nini?

Banda_la_Igombe:
Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha video huku Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, karibu na mwalo mitumbwi inapotia nanga. Wateja wangu ni wavuvi wa dagaa na akina mama wanaoanika. Mbalamwezi ikiwa kali hawaingii ziwani, na hizo ndizo siku zangu za biashara. Nikiweka ya ngumi, mabenchi yanabaki wazi. Nikibandika nje picha ya papa, wanajaa mpaka mlangoni.

Majuzi niliweka Jaws, ile ya 1975. Nilitegemea vijana walalamike kwamba imezeeka. Ile milio miwili ya muziki ilipoanza, banda zima kimya. Mzee mmoja ambaye giza la mwezi lote analala majini akapandisha miguu juu ya benchi, na chini ni sakafu ya udongo! Mzee huyo huyo kiboko anapishana naye kila wiki. Ziwa letu ni maji baridi, yasiyo na chumvi, papa hawamo. Wanaogopa nini hasa? Nataka kuwaelewa watu wangu, nijue pia nitafute zipi.

Kasia:
Mkuu, papa wa filamu ile alikuwa wa mashine. Walimjaribu kwenye maji baridi; walipomshusha baharini, chumvi ikamharibu kila mara. Mwongozaji, Steven Spielberg, ikambidi apige picha bila papa: pezi, mapipa ya njano yanayokokotwa, muziki wa John Williams. Saa nzima inapita hujamwona mwili mzima, kwa hiyo unamuumba mwenyewe kichwani.

Sisi wa dagaa ndiyo kazi yetu hiyo. Taa inamulika juu tu. Kitu kikigonga mtumbwi kwa chini, mnaacha kuvuta wavu, mnatazamana, hakuna anayesema neno. Hizi mpya zinazomwonyesha papa dakika ya kwanza hazinishiki kabisa.

Mama_Dagaa:
Kaka, weka ya mamba uone kama watakuja. Shangazi yangu alichukuliwa na mamba akichota maji, upande wa Sengerema. Mama yangu mpaka leo hataki hata picha yake. Huku mamba ana misiba, karibu kila ukoo unayo. Papa hajala ndugu wa mtu, ndiyo maana tunapiga kelele kwa raha na kurudi nyumbani tukalala.

Mdigo_wa_Tanga:
Niko Mwanza kikazi. Kwetu papa yuko sokoni, mkavu, tunampika kwa nazi, na filamu hizo bado zinajaza watu. Ila wateja wako waambie na hili: duniani kote, miaka mingi wanaouawa na papa hawafiki kumi. Peter Benchley, aliyeandika mwaka 1974 riwaya iliyozaa filamu ya Jaws, baadaye alitumia miaka mingi kuwatetea papa wasimalizwe. Binadamu ndiye anayewaua kwa mamilioni. Hili linaniuma sana.

Banda_la_Igombe:
Dada, pole sana kwa shangazi. Ya mamba ninayo moja, naiondoa leo. Kaka wa Tanga, hayo nitayasema kabla ya kuwasha. Kasia, nitajie nyingine ambayo papa anachelewa kuonekana, nataka iwe tayari kabla mwezi haujajaa.