MREJESHO: Kupunguza vitu ndani na kuacha kununua ovyo

Habari zenu wapendwa. Niliwauliza namna ya kupunguza vitu kwenye chumba na sebule yetu hapa Mbagala, na jinsi ya kuacha kukopa kila kinachopitishwa mlangoni. Asanteni sana kwa majibu.

Nguo za kawaida zilipata wenyewe haraka. Kazi ilikuwa sare. Kila harusi ina kitenge chake: unashona, unavaa mara moja, kinalala sandukuni. Dada aliyenishauri nitoe mchango kamili ila nivae kitenge nilichonacho, Mungu akubariki. Shangazi alinuna, lakini bibi harusi alinikumbatia vilevile. Vile vya zamani fundi amevigeuza foronya na mapazia.

Mitumba ya soko la Karume bado naifuata, ila kwa orodha, na hela ya kilichoandikwa tu. Wanaokopesha vyombo nimewaambia wazi kwamba sichukui tena.

Vyombo vya kabatini mume wangu alikataa visitoke, basi sasa tunavilia kila siku. Madumu na ndoo sigusi. Maji huku yanakatika, na hapo sikubaliani na waliosema nibakize mawili.