Virusi vya kunde kutibu saratani: naombeni ufafanuzi

Mtoto wa Mvomero: Wakuu, habari za kazi. Mama yangu ana saratani ya titi, anatibiwa Ocean Road. Juzi jirani kaja na habari kwamba Marekani wanatibu saratani kwa virusi vya kunde, hivyo tumchemshie mama majani ya kunde yenye mabaka ya njano. Shambani yamejaa. Mama ameshaanza kusema dozi ijayo haendi. Kuna ukweli?

Bibi Shamba: Pole kwa kuuguza, mdogo wangu. Mimi ni afisa ugani, kunde ndiyo kazi yangu. Habari ni ya kweli, ila jirani kaidaka nusu. Timu ya Nicole Steinmetz, Chuo Kikuu cha California, San Diego, hukuza virusi hivyo kwenye mikunde, huvisafisha hadi vibaki vyenyewe, kisha huvidunga ndani ya uvimbe. Katika seli za mtu au mnyama havizaliani. Vinachofanya ni kuiamsha kinga ya mwili, ambayo ilikuwa inaupita uvimbe kama haiuoni, iushambulie. Wamejaribu kwa panya, na kwa mbwa wenye saratani ya kinywa na ya matiti. Kwa watu bado haijawa tiba iliyoidhinishwa.

Sasa hayo majani yenu. Mabaka ya njano huletwa na virusi vya aina nyingi. Vingine husambazwa na vidukari, hivi vya San Diego na mbawakawa, na kwa macho hata mimi siwezi kuvitofautisha. Watafiti walijaribu virusi vingine vya kunde vyenye umbo linalofanana, havikuleta matokeo yale. Kunde mama ale kama mboga. Dozi asikose hata moja, nakusihi.

Kaka wa Butembo: Huku kwetu Kongo, wakati wa Ebola ya 2018, ZMapp ilikuwa kati ya dawa nne zilizojaribiwa. Ni kingamwili, yaani protini za kupambana na vijidudu, zilizotengenezwa ndani ya mimea ya jamii ya tumbaku kwa kutumia virusi vya mimea. Hata hiyo ilisafishwa kwanza, ikapitia mshipani. Na mwaka 2019 dawa mbili nyingine ziliishinda.

Mtoto wa Mvomero: Nimemsomea mama. Anauliza, mbwa wale walipona?

Bibi Shamba: Mwambie kwa baadhi yao uvimbe ulipungua. Nawe muulize taratibu anachoogopa kwenye dozi. Kama ni kutapika, amweleze daktari kabla ya kuwekewa dripu, kuna dawa za kuzuia.