Kwa nini Laravel iliipiku CodeIgniter wakati CodeIgniter ni nyepesi?

Mzabibu_Dom
Wakuu, salamu kutoka Dodoma. Kuna mfumo wa AMCOS (chama cha ushirika) ya wakulima wa zabibu upande wa Hombolo: wanachama, kilo zilizopimwa, malipo. Upo kwenye CodeIgniter 3, fremuweki ya PHP (kiunzi cha kujengea mifumo ya wavuti), na sasa unatakiwa kuandikwa upya. Kila ninayemuuliza anasema Laravel, fremuweki nyingine ya PHP. Lakini CodeIgniter unaipakia kwa FTP (njia ya kupandisha mafaili kwenye seva) tu na inaanza kazi, tena inajibu haraka. Kilichoipa Laravel umaarufu ni ubora au kelele? Hostingi yenyewe ni ya bei nafuu, cPanel (ukurasa wa kusimamia hostingi) bila SSH (njia ya kuandika amri kwenye seva).

Nzuguni_Seva
Mkuu, wepesi haujawahi kuamua jambo hili. Tazama miaka. CodeIgniter ilitoka 2006 ikapendwa kwelikweli. Mwaka 2013 wenye nayo, EllisLab, wakatangaza kuwa wanatafuta wa kumkabidhi. 2014 ikaenda kwa British Columbia Institute of Technology ya Kanada. Mwaka huohuo wa 2013, Laravel ya Taylor Otwell (2011) ikatoa toleo la 4, lililojengwa juu ya Composer (chombo cha kuvuta maktaba za PHP) na vipande vya Symfony, fremuweki nyingine ya PHP. Wa Laravel akawa anavuta maktaba kwa amri moja, wa CodeIgniter bado anapakua zip na kuipachika kwa mkono.

CodeIgniter 4 ikaja 2020, na mradi wa toleo la 3 hauhamii huko bila kuandikwa upya. Mtu akishalazimika kuandika upya, anachungulia na kwa jirani. AngularJS, fremuweki ya JavaScript, iliumizwa na jambo hilohilo: Angular 2 ya mwaka 2016 ilikuwa kitu kingine kabisa, na washindani wake, React na Vue, walikuwa tayari sokoni.

Binti_Chamwino
Naongezea. CodeIgniter 3 haikuja na mfumo wa kuingia, kwa hiyo kila mtu alijiandikia wake, na ukirithi mradi unaanza kusaka nenosiri linakaguliwa wapi. Kwenye Laravel anayekuja baada yako anajua afungue `routes/web.php`, kisha `app/Models`. Mwajiri analipenda hilo, anaitaja kwenye tangazo la kazi, vijana wa chuo wanaisoma, majibu ya makosa yanajaa mtandaoni. Kelele ipo, ila imefuata nyuma.

Kuhusu kasi, mfumo kama huo huchelewa kwenye hifadhidata. Ukiorodhesha wanachama 200 na kumsomea kila mmoja mizigo yake, unatuma maswali 201 kwenye hifadhidata. Weka `with('mizigo')` ya Laravel, inayovuta mizigo yote kwa pamoja, yanabaki mawili. Kosa hilo litakuchelewesha kwenye fremuweki yoyote.

Mzabibu_Dom
Nimewaelewa. Sasa bila SSH nitaipandishaje?

Nzuguni_Seva
Inawezekana, ila usifanye kama CodeIgniter. Ukimwaga mradi wote ndani ya `public_html` (folda inayoonekana mtandaoni), faili la mipangilio la `.env` linaweza kusomeka kwenye kivinjari, na nywila ya hifadhidata imo humo. Mradi uweke nje ya `public_html`. Vilivyomo kwenye `public` tu ndivyo viingie ndani, kisha urekebishe njia za mafaili kwenye `index.php`.

Laravel 12 inataka PHP 8.2 kwenda juu. Kama kompyuta yako ina 8.4 na seva ina 8.2, Composer inaweza kukuvutia vifurushi ambavyo seva itavikataa. Andika `platform` ya PHP 8.2 kwenye `config` ya `composer.json`, endesha `composer update --no-dev`, ndipo upakie `vendor` (folda ya vifurushi hivyo) ikiwa zip; mafaili ni maelfu, FTP itakatikia njiani. Ukipata kosa 500, anza na ruhusa za `storage` na `bootstrap/cache`. `APP_DEBUG` kwenye `.env` iwe `false`, wageni wasione undani wa makosa.

Majedwali yaunde kwa cron (kazi inayojiendesha kwa ratiba) ya mara moja: `php artisan migrate --force`, halafu uifute. Foleni ya kazi za nyuma ya pazia nayo iite moja kwa moja kwa cron, `queue:work --stop-when-empty`, maana `schedule:run` (mpanga ratiba wa Laravel) hutegemea `proc_open`, kitendakazi cha PHP, na hostingi nyingi za bei hiyo zimeifunga.

Binti_Chamwino
Na `APP_KEY`, ufunguo wa usimbaji ulio kwenye `.env`, ihifadhi pembeni. Ikibadilika, chochote ulichosimba kwa ufunguo huo hakifunguki bila ule wa zamani.