Nataka mbuzi mmoja wa kufuga nyumbani, nipo Tukuyu. Nianzie wapi?

Migomba_Sita: Wakuu, habari za jioni. Nina robo eka nje kidogo ya mji wa Tukuyu: nyumba, migomba na miparachichi. Nataka mbuzi mmoja, si wa biashara wala wa kuchinja, watoto wapate mnyama wa kumtunza. Kuna jike la Saanen, mbuzi wa maziwa wa kizungu, linauzwa jirani. Mvua na ukungu wa huku mnaujua. Banda liweje, ale nini, na nikague nini kabla ya kulipa?

FundiMabanzi: Mkuu, mmoja usinunue. Mbuzi ni wa kundi, akibaki peke yake analia kutwa na kula hali vizuri. Chukua majike wawili, au jike na dume aliyehasiwa. Beberu mzima achana naye, anakojolea mpaka ndevu zake, watoto hawatamshika.

Banda liwe tayari kwanza. Wawili wanatoshwa na mita 2 kwa 2. Sakafu inyanyue mita 1 kutoka chini, mbao ziachiane sm 1.5. Zikibanana zaidi mavi hayadondoki, zikipita sm 2 mguu unanasa na kuvunjika. Upande wa upepo ziba kwa mabanzi hadi mita 1.2, juu yake acha wazi, bati litokeze nje mvua isipige ndani. Kosa la huku Nyanda za Juu ni kuogopa baridi na kuzungushia nailoni pande zote. Hewa kali ya mkojo inabaki ndani, inachoma mapafu, kichomi kinafuata. Mbuzi mkavu baridi ya Julai anaiweza. Asiloweshwe tu.

Kiwele: Saanen si wa kuanzia. Akishazaa anataka kukamuliwa asubuhi na jioni, anakula sana, na minyoo inamwangusha upesi kuliko wa kienyeji. Tafuta wa kienyeji au chotara, umri wa miezi 6 hadi mwaka.

Umri usiambiwe, fungua mdomo. Mbele ana meno ya chini tu, manane. Yote yakiwa madogo hajafikisha mwaka au ndio anaufikia. Mawili ya kati yakiwa makubwa ameshaupita. Kisha vuta kope la chini: ndani pawe pekundu au waridi. Pakiwa peupe, minyoo imemaliza damu, mwache hata kama bei ni nzuri. Tazama mkiani kama kuna kuhara kulikokauka, mtembeze uone kama anachechemea. Ukimtoa wilaya nyingine, kibali cha kusafirisha mifugo ukichukue huko huko anakotoka.

Halafu hayo maparachichi. MAJANI YAKE NI SUMU KWA MBUZI. Kiwele kinavimba, maziwa yanakatika, akila mengi moyo unashindwa. Matawi ya kupogolea yasitupwe karibu na banda.

FundiMabanzi: Akimfunga kamba kwenye migomba mchana, mbali na miparachichi, si inatosha?

Kiwele: Kwenye robo eka hapana. Kamba inajizungusha kwenye mgomba na kumnyonga, ikikatika anaenda kubandua maganda ya miparachichi. Afungiwe, majani yaletwe.

Kamwene_Njombe: Kamweneee! Naongezea lishe. Mbuzi wa kilo 30 mpe kilo 4 hadi 5 za majani mabichi kwa siku: matete, nyasi za Guatemala, kaliandra (mti wa malisho), majani ya viazi vitamu. Ya viazi mviringo usimpe, nayo yana sumu. Ya mgomba anakula, ila ni ya kujazia tumbo. Kata baada ya saa nne umande ukikauka, maana viluwiluwi vya minyoo hupanda na unyevu, na uyaning'inize kwenye hori. Yakidondoka na kukanyagwa hayagusi tena, mbuzi ana maringo. Maji safi kila siku na jiwe la chumvi.

Dawa ya minyoo usikisie. Chukua futikamba ya fundi cherehani, pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, uzidishe kwa wenyewe, zidisha tena kwa urefu kutoka bega hadi mfupa wa matako, gawanya kwa 10,840. Kifua sm 70, urefu sm 60 ni kilo 27. Mpelekee afisa mifugo namba hiyo pamoja na chupa yenyewe, kwa sababu albendazole ya asilimia 10 ina nguvu mara nne ya ile ya 2.5. Jike mwenye mimba changa asipewe albendazole. Ukimnywesha usimwinue kichwa juu, dawa itaingia mapafuni.

Migomba_Sita: Ndaga sana wakuu. Nachukua jike na dume aliyehasiwa. Pumba za mahindi ninazo nyingi, niwape kila siku?

Kiwele: Jike anza na konzi moja, kama gramu 100, upande taratibu kwa wiki mbili usizidi 250. Gunia lifungiwe ndani ya nyumba. Akilivamia tumbo linachachuka na anaweza kufa kesho yake. Dume huyo usimzoeshe pumba kabisa: fosforasi yake ni nyingi, inajenga vijiwe kwenye njia ya mkojo. Ukimwona anajikamua na yanatoka matone tu, daktari wa mifugo aje siku hiyo hiyo.